Aliyesimama Juu ya Nadine

Haya nimeyapata kwa Fern Hiers, jirani yangu, tukila karanga za kuchemsha barazani kwake. Yalimpata dada yake Nadine. Fern hajui kutunga. Hata uongo mdogo wa kumsifia mtu kofia yake humshinda, kwa hiyo mwenye shaka akabishane naye, mimi simo.

Asubuhi moja, Nadine alikaanga kambare, akapika uji mzito wa mahindi, akamwamsha mdogo wake Fern, wakala. Kisha wakashuka wote wawili hadi gatini, Ziwa Lettie, kufanya mazoezi. Walikuwa na kundi la kuteleza juu ya maji kwa skii, zile mbao ndefu za miguuni, wakivutwa na boti, na kila Jumamosi alasiri mji mzima ulikuja kukaa kwenye majani kuwatazama. Kilichowaleta hasa ni mnara wa wanawake. Watatu chini, kila mmoja na kamba yake mkononi, wawili juu ya mabega yao, na mmoja peke yake kileleni na bendera.

Kwa miaka mingi huyo mmoja alikuwa Nadine. Kwenye duka la nyama walimpa kipande kizuri. Kanisani walimwachia nafasi ya mbele. Mwanamke hakuwa na mume, hakuwa na sauti ya kuimba, na kupika alipika kama anayelipiza kisasi, lakini alikuwa na kilele.

Ndipo asubuhi hiyo Kocha Buell Roebuck akamleta Coralee Summerlin.

Alikuwa kasichana kembamba kutoka kwa wapakiaji wa machungwa, mwepesi kama ganda la karanga. Mguu wake wa kushoto ulikuwa na vidole vinne. Cha tano kilikatwa na mashine ya kufyekea majani, naye hakukionea haya hata kidogo.

"Nilikitoa mwenyewe," aliwaambia akicheka. "Nimepunguza mzigo ili nyie dada zangu msichoke."

Wote wakacheka. Nadine akacheka mwisho, na kwa meno tu.

Mazoezi yalipokwisha Buell alimshika Nadine bega. "Nadine, mama, wewe una mabega ya kubeba. Shuka mstari wa kati na Fern. Juu tumwachie mtoto."

Mama. Alikuwa hajafika hata thelathini.

Basi toka siku hiyo Nadine alimbeba Coralee. Fern alibeba mguu wa kulia, Nadine akabeba wa kushoto. Kila Jumamosi, watu wakipiga makofi juu ya kichwa chake, alivihisi vile vidole vinne vikimng'ang'ania begani. Alivijua kuliko alivyovijua vidole vyake mwenyewe. Usiku alilala navyo.

Duka la nyama wakaanza kumkatia kipande kama cha watu wote.

Sasa, mjue kwamba Ziwa Lettie lina mamba. Maziwa yote ya huko yana mamba, na watu wanateleza humohumo, maana mamba wa porini akisikia boti huzama akaenda zake. Kuna jambo moja tu mwenyeji hafanyi: halishi mamba. Mgeni ndiye hutupa zile peremende nyeupe laini kama pamba, ili mamba asogee apigwe picha. Mamba aliyelishwa hamkimbii mtu tena. Anamngoja. Nadine alilijua hilo tangu hajaota meno ya mbele.

Akanunua peremende.

Kila jioni, jua likiwa bado juu ya michungwa, alikwenda peke yake kwenye kona ya kusini, penye kisiki cha mvinje wa majini. Pale ndipo Coralee alipopenda kuachia kamba kila alipoteleza peke yake, akae ndani ya maji kungoja boti igeuke. Nadine alichuchumaa ukingoni akapiga maji kwa kiganja. Pa. Pa. Kisha akatupa peremende.

Hiyo pa, pa haikuwa ya bahati. Ndiyo desturi ya kundi lao. Ukianguka, au ukiachia kamba, unapiga maji mara mbili ili aliye kwenye boti ajue u mzima. Hakuna aliyewahi kusahau kuipiga.

Mwanzoni hakuja kitu. Halafu yakaja macho mawili, mbali. Halafu karibu. Baadaye hata hakuhitaji kutupa. Alipiga maji tu, na kile kitu kikapasua majani ya maji kikaja kimenyooka kama mbwa aliyesikia sahani.

Nadine alijiambia nia yake ni kumtisha tu. Amwone mamba karibu, alie, afunge mizigo arudi kwenye machungwa yake. Alijiambia hivyo kila jioni, na kila jioni akaongeza peremende.

Siku yenyewe maji yalikuwa yametulia mno. Coralee aliteleza kwa skii moja. Buell aliendesha, akitazama mbele. Nadine alikaa nyuma akimtazama mtelezaji, maana dereva haruhusiwi kugeuka na lazima awepo mtu wa kumwambia.

Kwenye kisiki Coralee aliachia kamba. Akazama taratibu hadi kifuani, akatabasamu, akapiga maji.

Pa. Pa.

Nyuma yake gogo likasogea.

"Mzima?" Buell akauliza bila kugeuza kichwa.

Nadine aliliona gogo. Aliliona kwa macho yake.

"Kapiga maji," alisema. "Mzima."

"Nigeuze?"

"Taratibu. Usimtibulie maji."

Hakukuwa na kelele. Boti ilipogeuka palikuwa na duara linapanuka juu ya maji, na skii moja ikielea. Hapakuwa na kitu kingine.

Walitafuta hadi wakachoka. Wawindaji walimpata yule mamba, wakampiga risasi, wakampasua tumbo gatini mbele ya watu. Ndani mlikuwa na peremende nyeupe, nyingi, bado hazijayeyuka, na watu wakawalaani wageni.

Coralee hakuwemo.

Waliomboleza. Wakaleta vyungu vya chakula kwa mama yake. Kisha Buell akaja kwa Nadine, kofia mkononi. "Kundi likae bila kilele? Panda wewe. Kwa heshima yake."

"Kwa heshima yake," Nadine akasema, na Fern anasema sauti ya dada yake ilikuwa tamu kama ya mtu anayeagiza keki.

Jumamosi ikafika, mji ukajaa kwenye majani. Boti ikanguruma. Watatu wa chini wakasimama juu ya maji, Fern na mwenzake wakapanda mabegani mwao. Nadine akapanda juu ya wote, akafungua bendera. Watu wakapiga makofi. Hatimaye yalikuwa yake.

Fern akainua kichwa kidogo.

"Dada," alinong'ona, "umekula nini? Umekuwa mzito."

"Nyamaza, shikilia."

"Uzito wa watu wawili, dada."

Nadine akataka kumjibu. Tone la maji likamdondokea utosini. Anga lilikuwa jeupe, halina hata wingu. Likadondoka la pili. Lilinuka tope.

Kisha kitu kikamkanyaga.

Bega la kulia. Unyayo uliolowa, baridi. Kisha bega la kushoto. Hakuthubutu kutazama juu. Hakuhitaji. Vidole vya kushoto vikajikunja, vikamng'ang'ania.

Vinne.

Juu ya kichwa chake, mtu akacheka kidogo, kama anayeomba radhi kwa uzito.

Nadine alianguka. Mnara wote ukaanguka naye. Boti ilikwenda ikazunguka, na wanawake wakapiga maji mmoja mmoja, pa pa, pa pa, na Buell akawaokota. Fern alipiga. Wote walipiga. Nadine peke yake alikuwa ameenda mbali, karibu na kisiki, mikono ameikumbatia kifuani. Hakupiga. Kiganja kilikataa.

"Nadine," Buell akaita. "Mbona hupigi maji?"

Akatikisa kichwa.

Hapo maji yakapigwa. Karibu naye, nyuma ya sikio lake. Pa. Pa. Mikono yake bado iko kifuani, Fern aliiona, Buell aliiona.

Magogo matatu yakageuka kuelekea upande wake.

Walimvuta ndani ya boti kwa nywele, na hakuwa na mkwaruzo hata mmoja. Aliposhushwa gatini, bibi mmoja wa kanisani alimsogelea, mpole, ana mwavuli wake.

"Mmependeza leo," alisema. "Mmeongeza ghorofa. Ila yule binti wa juu kabisa, mwanangu, mwambieni naye apewe bendera."

Nadine hakukanyaga maji tena. Alihamia mji mkavu, kwenye nyumba isiyo na hata beseni la kuogea, akajipangusa kwa kitambaa. Ila alianza kuinama mapema. Kufika hamsini alitembea kama mwenye gunia. Daktari alimpiga picha za mifupa akasema mgongo hauna neno. Ukimwandalia kiti hakukaa mpaka amekunja mabega hivi, taratibu, kama mtu anayemshusha mtoto. Fern alipomuuliza, alimwambia neno moja tu.

"Hashuki."

Na bado, Fern anasema, hata hapo hakukuwa na toba ndani yake. Kulikuwa na kijicho kilekile. Alilisema hilo neno kama anayelalamika kwamba kiti chake kimekaliwa.

Alipokufa, Fern ndiye aliyekwenda kufungua kabati lake la nguo ili amchagulie ya kuzikiwa. Magauni yote, kuanzia la kwanza, yalikuwa na madoa mawili mabegani, ya kijani, yameoza. Fern akayatupa chini moja baada ya jingine. Mwisho kabisa, nyuma, lilikuwepo moja jipya, la bluu, bado limefungwa kwenye plastiki ya dukani na lebo yake inaning'inia. Nadine hakuwahi kulivaa.

Akashukuru Mungu. Akachana plastiki.

Mabega yalikuwa yameloa. Kulia, unyayo mdogo wenye vidole vitano. Kushoto, vinne. Maji yalikuwa bado yanachuruzika, mapya, yanadondoka sakafuni kwenye nyumba isiyo na ziwa wala mvua.

Yalidondoka mara mbili, pa, pa. Yakanyamaza.