Simu Moja Imeunganishwa

Bando la wiki nzima liliisha kwa siku moja, na Kabura hakuwa mtu wa kuibiwa akanyamaza. Alifunika cherehani yake, akavuka barabara hadi kwa Ngige, fundi wa simu ambaye wamefanya biashara wakitazamana hapo Kitale miaka mingi.

"Ngige, hii kampuni ya simu ni wezi," alisema kabla ya salamu. "Ati nikiwasha hotspoti wananikata mara mbili?"

"Hawakukati kando, Mama Emmy. Hotspoti inakula tu ile bando yako. Mwenye ameunganisha kwako, anakula ya kwako."

"Nani aunganishe? Niko na Wakoli peke yake, na si unajua simu ya Wakoli ni ya kubonyeza."

Ngige aliichukua simu, akafungua sehemu ya hotspoti aangalie. Orodha ilikuwa na jina moja. Alilisoma, akaiweka simu juu ya kaunta polepole, kisha akapangusa mkono kwenye suruali. Palikuwa pameandikwa "Simu ya Emmy".

Emmy alikuwa mtoto wa pekee wa Kabura na mumewe, Wakoli. Kifua kilimbana ghafla mwezi wa tatu, na kabla gari la hospitali halijapatikana akawa ameshakata roho. Walimzika kwa kina Wakoli, huko Bumula, upande wa Bungoma. Kabura mwenyewe ndiye aliyeiteleza simu ya mtoto chini ya mto ndani ya jeneza, asije akalala bila kitu alichokipenda. Jentrix, shangazi yake Wakoli, alimkataza mbele ya watu. Alisema kitu kinachobeba sauti za walio hai hakizikwi na maiti. Kabura, binti wa walokole wa Cherangany, aliona huo ni ushirikina wa wazee, akamwambia seremala apigilie misumari.

"Labda mtu alifukua," Ngige alinong'ona. "Lakini hata hivyo, hotspoti haifiki hata kwa duka yako hapo ng'ambo. Kutoka Bumula itafikaje? Badilisha paswadi, Mama Emmy. Badilisha saa hii."

Kabura alisema atabadilisha akifika nyumbani. Hakubadilisha, na nani angeweza? Kila siku saa kumi na moja Emmy alikuwa akitoka shule, anatupa mkoba kitini na kusema, "Mum, niwashie," kabla hata ya kuvua viatu. Sasa, saa ile ile, kwenye kioo cha simu idadi ya waliounganishwa iligeuka kutoka sufuri kuwa moja, na sebule ikanukia mafuta ya nazi aliyopenda kupaka nywele. Chini ya harufu hiyo kulikuwa na nyingine, ya udongo mbichi, lakini Kabura alijifanya haisikii. Alinunua bando kubwa zaidi, akavuta kiti karibu na simu, akakaa nayo kama anayemngoja mtoto amalize kula. Alikuwa na furaha. Ambaye hajazika mtoto asimcheke.

Kisha sauti zikaanza kupotea. Emmy alikuwa amemwachia mamake jumbe nyingi za sauti, nyingine za kuomba tu anunuliwe kalamu. Asubuhi moja Kabura alifungua ile aliyoipenda zaidi, ambayo Emmy anacheka chapati zilizoungua. Ilicheza hadi mwisho bila neno, na ndani ya ule ukimya kitu kikavuta pumzi. Kesho yake ikawa nyingine, kisha nyingine. Lililomtisha zaidi ni kwamba alipojaribu kukisikia kicheko kile kichwani mwake, hakukipata huko pia.

Wakoli aligundua Jumapili moja walipotoka kanisani.

"Unakumbuka vile Emmy alimwagia pasta chai?" alimuuliza, akitabasamu kidogo.

"Nani huyo?" Kabura akasema.

Wakoli alimhoji mpaka akamweleza habari yote ya hotspoti. Alitoa simu yake ya kubonyeza, akampigia shangazi yake, ambaye kwa Kibukusu walimwita Senge, akaweka sauti juu ili wote wasikie, akamsimulia.

"Mimi nilikataza," Jentrix alisema kwa sauti ya chini, kama aliye na mgonjwa karibu. "Mtoto wetu alienda kwa Mungu. Hiyo ni jini iliokota simu yake. Haina shida na bando. Inatafuta ule Emmy alibaki ndani ya mama yake. Ikimaliza kumtoa huko, mtakosa hata mtu wa kulilia."

"Tunaitoaje, Senge?"

"Leta bibi yako kwa kaburi. Amwite mtoto na jina yake, aambie hiyo kitu iachilie, ndio azime. Kujeni leo."

Kabura alikuwa ameishikilia simu kifuani kwa mikono miwili.

"Kesho, Senge," alisema. "Nakuomba. Leo aniage tu."

Wakoli angemnyang'anya. Lakini naye alikuwa baba wa mtoto, na hakuweza.

Saa kumi na moja harufu ya udongo iliingia kwanza, na safari hii haikujificha, ikajaa sebuleni mpaka Wakoli akakohoa, na kutoka kwenye kiti cha Emmy, ambacho hakikuwa na mtu, zikaanza kusikika kucha zikigonga kioo cha simu, tak, tak, tak, haraka kuliko vidole vya mtu vinavyoweza, huku Kabura ameinama kuelekea kiti kile akiongea kwa upole, akimwita mtoto "mum wangu" kama mama anavyombembeleza bintiye, akimuuliza kama amekula, kama kuna baridi huko, na kwa kila swali uso wake ukizidi kulegea na kuwa mtulivu, mpaka katikati ya swali moja akanyamaza, akakitazama kiti, akamuuliza Wakoli ni nani aliyekuwa akiongea hapo.

Asubuhi walifika Bumula. Jentrix aliwangoja kaburini na Biblia yake kwapani.

"Mwite, mtoto wangu," alimwambia Kabura.

Kabura alifungua mdomo, akasubiri, akaufunga. Akamtazama Wakoli kwa aibu. Kisha akaona msalaba, akasogea, akafuata maandishi kwa kidole.

"Emmy," alisoma. "Emmy Nekesa. Wewe uliyeshika simu yake, iachilie."

Akazima hotspoti. Harufu ya mafuta ya nazi ilipita mara moja, nzito, kisha ikabaki ya nyasi na samadi tu. Jentrix alisema imeenda, na ni kweli, haikurudi tena.

Wakoli alipiga magoti, akalia kuliko alivyolia siku ya mazishi. Kabura aliinama kando yake, akamwekea mkono mgongoni. Macho yake yalikuwa makavu, lakini moyo wa huruma alikuwa nao.

"Alikuwa na miaka mingapi?" aliuliza taratibu.

"Kumi na sita."

"Pole sana," Kabura akamwambia. "Mungu awape nguvu."