Tundu Nyuma ya Kalenda

"Ifahamike kwa wakazi wote, wa juu na wa chini," Redio alitangaza, mkono kifuani, "kwamba usalama wa jengo hili uko katika mikono imara!"

"Mikono imara hiyo imalize sufuria kwanza," mama yake alisema, akabeba beseni na kupanda paani kuanika nguo.

Redio alikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu, amerudi likizo kutoka shule ya bweni. Majirani walimpa jina hilo kwa sababu hakuna habari ya jengo lile la ghorofa tano iliyompita. Nani kagombana na nani, nani kaunguza mboga, yote aliyajua yakiwa bado ya moto. Siri yake hawakuijua. Chumbani kwake, nyuma ya kalenda, palikuwa na tundu alilolitoboa likizo iliyopita kwa nyundo na msumari. Lilitokea kwenye kabati la mabomba, lile refu linalopanda kutoka chini hadi juu, na sauti za nyumba zote zilipita humo. Kwa hiyo Redio hakusoma matangazo ya ukutani. Habari zilimfuata zenyewe kitandani.

Alipotoka kwenda kutupa takataka, alimkuta mwanamume asiyemjua kwenye korido. Alikuwa na tochi, daftari, na kioo kidogo kilichofungwa kwenye kijiti. Aligonga ukuta, akasikiliza. Akapitisha kadi chini ya mlango wa bibi jirani, kisha akaandika namba ya mlango.

"Shikamoo," Redio alisema, macho yameganda kwenye daftari.

"Marahaba, mwanangu. Hapa wapo? Nimebisha, kimya."

"Wapo wengi," Redio alidanganya. "Wanaume watupu."

"Na kwenu ni wapi?"

"Mbali. Mbali kabisa."

Mwizi, Redio aliwaza. Tena mwizi msomi, anaandika!

Yule mtu akafungua kabati la mabomba, akaingia, akavuta mlango. Mwanga wa tochi ukazimika. Mtu mwema ana shughuli gani gizani? Ufunguo ulikuwa unaning'inia kwenye kitasa. Redio akanyata, akauzungusha. Kriki!

Akakimbilia chumbani, akainua kalenda ili asikie mwizi analiaje. Mdogo wake wa miaka miwili akaamka.

"Tulia," Redio alimnong'oneza. "Dada yako kamfungia mwizi. Kesho tuko gazetini!"

"Waambie waniandike jina vizuri," sauti ikajibu kutoka ukutani.

Redio aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto.

Yule mtu aligonga mlango wa kabati kwa nguvu, na dakika chache baadaye korido ilijaa. Msimamizi wa jengo, ambaye wote walimwita Mzee Funguo, alifungua kabati. Nyuma yake alisimama fundi bomba na mfuko wake wa vifaa, na mama yake Redio na beseni tupu.

"Huyu ni mkaguzi wa kinga ya moto!" Mzee Funguo alifoka. "Tangazo liko pale chini wiki nzima!"

Mkaguzi alijipangusa vumbi, wala hakukasirika. "Kila nyumba humu inatakiwa iwe kama sanduku lililofungwa," alisema. "Moto ukiwaka kwenye moja, ubaki humo mpaka wengine watoke. Mimi huzima tochi, nikatafuta mwanga unaopenya. Leo nimeuona. Kuna tundu."

"Ni huyu fundi bomba!" Mzee Funguo alidakia. "Leo ndiyo mwisho wako hapa."

"Mzee, haki ya nani, ukuta huo sijaugusa."

"Nenda!"

Fundi akatikisa kichwa, akauinua mfuko wake. Redio alitazama viatu vyake, akatazama dari. Angenyamaza, hakuna ambaye angejua. Lakini mkaguzi alikuwa anamtazama yeye, kwa jicho lilelile la kushuku ambalo Redio alimtazamia walipokutana.

"Vipande vya plasta vimeangukia ndani ya kabati," mkaguzi alisema polepole. "Aliyetoboa alikuwa upande wa chumbani."

"Ni mimi," Redio alisema. "Fundi hana kosa. Nilitaka kusikia habari za watu."

Mama yake aliweka beseni chini taratibu, jambo ambalo lilitisha kuliko kelele. Mzee Funguo akamwomba fundi radhi, na fundi akaingia chumbani kuliziba tundu kwa udongo maalumu usioshika moto.

"Kushuku si kosa, mwanangu," mkaguzi alisema. "Ila ulinishuku mimi, hukujishuku mwenyewe. Kama maneno ya ghorofa ya kwanza yanakufikia kitandani, moshi wake nao utakufikia, na moshi haubishi hodi. Mdogo wako analala papo hapo. Ukiharibu kitu, sema mapema, kabla hakijamuumiza mtu na kabla mwingine hajabeba kosa lako."

"Nimeelewa. Nisamehe. Na wewe fundi, nisamehe."

Mkaguzi akafungua daftari. "Basi niandike tundu moja?"

Redio alimtazama mama yake, kisha fundi.

"Andika mawili," alisema. "La jikoni liko nyuma ya jiko."