Gitaa la Upande wa Kushoto

Wiki ile Kucha alipotoa albamu yake mpya, jengo zima la maduka ya simu na redio liliimba kitu kimoja. Spika za ghorofa ya chini zilikuwa zimetangulia, za juu zikifuata nyuma kidogo, na katikati watu walisukumana mabegani huku wakitikisa vichwa. Kucha alikuwa mpiga gitaa kijana aliyeuchukua muziki wa bluzi, ule wa huzuni ya taratibu, akautia moto wa roki. Jina hilo alilipata kwa sababu alipiga nyuzi kwa kucha zake tupu.

Saa sita mchana, mwanamke mmoja alijipenyeza hadi kwenye kibanda cha Fundi, ghorofa ya pili. Alivaa koti jeupe la kazi na kitambaa cha rangi ya machungwa kichwani, na mikono yake ilikuwa na madoa meupe hadi kwenye viwiko.

"Fundi, hedifoni zangu hizi upande mmoja umekufa."

"Pole sana. Umekufa lini?"

"Juzi. Kwani unataka kuandika tanzia?"

Fundi alicheka. Hakuwa mtu wa kucheka na wateja, lakini hiki kicheko kilimponyoka. Akafungua kifuniko, akaona waya umekatika shingoni, akauunga kwa risasi ya kuyeyusha, kisha akapima kwa mita yake. Mshale ulipanda vizuri pande zote mbili. Akachomeka hedifoni kwenye redio iliyokuwa ikipiga albamu ya Kucha na kumkabidhi mwenyewe ajaribu.

Yule mwanamke akazivaa, akafumba macho. Ulikuwa wimbo wa tatu, ule wa polepole. Aliusikiliza mpaka mwisho, amesimama wima katikati ya vurugu ile kama mtu aliye peke yake chumbani, na mzee aliyekuwa nyuma yake akaguna, "Dada, wengine tuna haraka."

Alipozivua, macho yake yalikuwa mekundu kidogo. "Pale wanapojibizana," akasema. "Pale ndipo wanaponimaliza kabisa."

Fundi akaitikia kwa kichwa, ingawa hakujua nani anajibizana na nani. "Na huo unga mikononi? Umetoka kupika?"

"Si unga, ni plasta. Natengeneza miguu ya bandia."

"Kumbe ni daktari!"

"Mimi si daktari. Ni fundi kama wewe."

"Daktari wa miguu," akasisitiza Fundi. Tangu siku hiyo hakumwita kwa jina lingine.

Hedifoni ziliharibika tena baada ya siku nne, na mara ya tatu baada ya wiki. Mara ya tatu Fundi alizikagua akakuta hazina ubaya wowote.

"Daktari, hizi ni nzima."

"Najua," akajibu, akiangalia pembeni. "Nimekosa sababu nyingine."

Ndivyo walivyoanza. Wakawa wanakutana Jumapili mchana chumbani kwa Fundi, dirisha wazi, wanakula chungwa na kupokezana hedifoni kumsikiliza Kucha. Siku za kazi walipigiana simu kila mmoja akiwa mezani kwake.

"Umekula, mpenzi wangu?"

"Nimekula vumbi la plasta. Wewe?"

"Mimi nimekula moshi wa risasi."

"Basi tumeshiba. Nakupenda, mjinga wangu."

"Sema tena."

"Simu inakula pesa, nenda kafanye kazi!"

Lakini Fundi alikuwa na jambo moja ambalo hakumwambia. Sikio lake la kushoto lilikuwa limekufa. Kwa miaka tisa alikuwa fundi mitambo wa matamasha, akisimama kila mara upande uleule wa jukwaa, bega lake la kushoto limegusana na spika kubwa kuliko kabati. Daktari wa masikio alimweleza bila kuzunguka kwamba mshipa umekufa na haufufuki, na kwamba alilinde la kulia. Akaacha matamasha, akawaambia watu amechoka kusafiri. Kibandani alitegemea mita. Fundi wa sauti asiyesikia vizuri! Aliona watu wangemcheka mpaka wakae chini, na yule mwanamke angemwonea huruma, na huruma ndiyo aliyoiogopa zaidi.

Kwa hiyo alijipanga. Walipotembea, alihakikisha Daktari yuko kuliani kwake. Mgahawani alichagua kiti cha kushoto, ukutani. Asiposikia kitu alitabasamu na kusema "sawa kabisa", na kwa kawaida ilitosha. Daktari alidhani amepata mwanamume mpole asiyependa ubishi.

Jioni moja, miezi mitano tangu wakutane, mvua iliwakuta barabarani. Walikuwa chini ya mwavuli mmoja, magari yanapita yakirusha maji. Daktari aliona dimbwi mbele, akaruka akahamia upande wa pili. Kushoto. Fundi alitaka kuzunguka, lakini njia ilikuwa nyembamba na watu wengi. Daktari alianza kuzungumza. Alizungumza muda mrefu, akiangalia chini, mkono wake umekishika kiwiko cha Fundi kwa nguvu. Lori likapita. Kisha akainua uso, midomo ikatulia, akangoja.

Fundi alitabasamu. "Sawa kabisa, mpenzi. Wewe fanya tu."

Mkono ukaachia kiwiko.

"Haya," akasema Daktari. Hilo Fundi aliliona midomoni.

Kuanzia kesho yake mambo yalibadilika. Simu zikawa fupi. "Niko kazini." "Nimechoka." Jumapili hakuja. Jumapili ya pili hakuja wala hakupokea simu. Fundi alipitisha usiku na mchana akiwaza aliitikia nini siku ile ya mvua. Daktari alimwomba kitu? Alimshtaki? Aliogopa kumuuliza, kwa sababu kuuliza kungekuwa kukiri.

Mwishoni mwa wiki hiyo ya pili, dada mkubwa wa Daktari alifika kibandani na mashine ya kukaushia nywele. Alikuwa na saluni mtaa wa pili, mwanamke mnene mwenye bangili nyingi na sauti ambayo hata sikio bovu lingeisikia.

"Ina tatizo gani, dada?" Fundi akauliza.

"Haina tatizo. Mwenye tatizo ni wewe." Akaweka mashine mezani kwa kishindo. "Na mimi nilishaanza kukuita shemeji! Mtoto wa watu amekwambia ameitwa kazi mji wa mbali, miaka miwili. Kakwambia, ukisema nisiende, siendi. Na wewe ukacheka! Ukamwambia afanye tu!"

Fundi alishika ukingo wa meza. "Alisema hivyo?"

"Sasa ulidhani anakusimulia hali ya hewa? Amelia siku tatu. Barua ameshaijibu, anaondoka Jumamosi ijayo. Kule wanatengeneza miguu yenye goti linalojikunja, na huku hakuna anayejua." Akaichukua mashine yake. "Kama ulikuwa humtaki, si ungesema? Mwanamume mzima."

Bangili zikashuka ngazi zikilia.

Jumapili iliyofuata Fundi alikaa kitandani mchana kutwa. Mwishowe, kwa sababu chumba kilikuwa kimya mno, akavaa hedifoni na kuuweka wimbo wa tatu. Alizivaa bila kuangalia, waya umejisokota, upande wa kushoto ukaangukia sikio la kulia.

Hakuutambua wimbo. Alidhani amekosea, akaangalia kioo cha redio, ni uleule, wa tatu. Ngoma zilikuwa zilezile, zinakuja kwa mbali. Lakini pale ambapo miezi yote hii gitaa la Kucha lililia kwa sentensi ndefu, sasa palikuwa karibu kimya. Na pale ambapo yeye alijua pana kimya, mle ambamo alikuwa akishusha pumzi na kujiambia huyu kijana anajua kunyamaza, mlitokea gitaa lingine. Gitaa dogo la sauti ya chini, halina haraka, likisema maneno machache na kukoma.

Akageuza hedifoni. Gitaa kubwa likauliza, likanyamaza. Akageuza tena. Gitaa dogo likajibu. Aliurudia wimbo mara sita akigeuza hivyo, kama mtu anayejaribu kusoma barua iliyochanwa vipande viwili, na hakuweza kuyapata yote mawili kwa wakati mmoja. Aliijua kazi ya sauti miaka kumi na miwili. Kugeuza tu! Kitu ambacho angemfundisha mwanafunzi siku ya kwanza. Hakuwahi kukifanya kwa sababu hakutaka kujua ni kiasi gani alichopoteza.

Akavua hedifoni, akafunika uso kwa mikono.

Jumatatu saa sita mchana alikuwa mlangoni pa karakana ya miguu ya bandia. Chumba kilikuwa kirefu, chenye madirisha makubwa, na miguu imening'inia ukutani kwa ukubwa, kuanzia ya watoto. Daktari alikuwa anasugua kisigino cha mbao kwa msasa. Nyuma ya pazia kulikuwa na mteja anangoja.

Hakuacha kusugua. "Umekuja kuagana nami?"

"Nimekuja kukwambia kitu. Sikio langu la kushoto halisikii. Halisikii kabisa, tangu kabla sijakujua."

Msasa ukaendelea mara mbili, ukasimama.

"Siku ile ya mvua ulikuwa kushoto," Fundi akasema. "Sikusikia hata neno moja. Niliona umemaliza, nikatabasamu."

Daktari alimtazama. Kisha akaiweka ile mbao chini, akazunguka meza, akapita nyuma yake na kusimama upande wa kushoto. Fundi aliona kwa pembe ya jicho midomo yake ikicheza. Zamani angetabasamu. Safari hii akageuka.

"Umesema nini?"

Lilikuwa swali ambalo hakuwahi kumuuliza tangu siku ya kwanza. Daktari akaziba mdomo kwa mkono wake mweupe.

"Nimesema wewe ni mjinga kuliko wajinga wote," akajibu. "Miezi mitano! Nimekunong'oneza mangapi upande huo? Nimekwambia habari za baba yangu alipofariki, tumelala, nikasema huyu mtu ananisikiliza vizuri, hanikatizi. Kumbe naongea na ukuta!"

"Niliogopa utanihurumia."

"Mimi? Kila siku nashika watu wasio na miguu, unadhani nawahurumia? Nawapima, basi. Ungeniambia, ningekupima na wewe nikajua nikae wapi!" Akamsukuma kifuani, akaacha alama mbili za vumbi jeupe kwenye shati la buluu. "Umeninyima nafasi hiyo. Hilo ndilo linaloniuma, sio sikio."

"Najua. Nisamehe."

"Usiseme najua. Huwa unasema hivyo hata kama hujui."

"Basi sijui. Nieleze."

Daktari akafuta macho, akajipaka plasta shavuni bila kujua. Akaja akasimama mbele yake, uso kwa uso.

"Nakuuliza upya, na sitauliza mara ya tatu. Nimeitwa miaka miwili. Barua nimejibu lakini bado naweza kuitengua. Niende nisiende?"

Usiku kucha Fundi alikuwa amejiandalia neno moja: usiende. Alikuwa amelisema njia nzima. Sasa, swali limemfikia sikioni kwa mara ya kwanza likiwa zima, aliuona uzito wake.

"Sitaki uende," akasema. "Nikifikiria Jumapili bila wewe, sijui chungwa nitakula na nani. Sitaki hata kidogo. Lakini nenda."

Daktari aliketi kwenye kigoda.

"Hilo la kwanza," akasema polepole. "Hilo la kwanza ndilo nililolitafuta siku ile. Ningeenda tu, hata ungeniambia hivyo. Nilitaka nijue inakuuma."

"Inaniuma. Nataka kukuoa. Hilo nalo hukulisikia kwa sababu sikulisema."

"Unanichumbia humu? Katikati ya visigino?"

"Nikuchumbie wapi, Daktari? Una siku tano."

Akacheka huku machozi yanatoka. "Ndiyo. Ila utakuja kumwambia mama mwenyewe, na dada atakutukana kwanza, na utavumilia."

Nyuma ya pazia mtu akakohoa. "Wanangu, hongereni sana," ikasema sauti ya mzee. "Lakini mguu wangu mimi bado uko hapo mezani."

Daktari akaruka, akanawa uso, akalifungua pazia. Mteja wake alikuwa dereva mstaafu, suruali yake imekunjwa juu ya paja. Akamfunga mguu mpya kwa mikanda, akakaza, akalegeza, akauliza panauma wapi. Kisha mzee akasimama kati ya vyuma viwili vya kushikia. Daktari alipiga magoti sakafuni, kiganja chake kiko karibu na kisigino lakini hakikigusi.

Mzee akapiga hatua. Goti la bandia halikujikunja. Ilibidi autupe mguu nje, uzunguke kama mlango, ndipo utue. Hatua ya pili vilevile. Ya tatu jasho lilimtoka.

"Unaenda vizuri, baba," akasema Daktari. "Huu ni wa kuanzia. Nikirudi nitakupa goti linalojikunja, utapanda ngazi mwenyewe."

"Utarudi kweli?"

"Nitarudi."

Mzee akatazama urefu wa chumba, akavuta pumzi, akautupa mguu tena. Fundi alikuwa amesimama dirishani, alama mbili nyeupe kifuani. Alijua kwamba amejibu sawa, na kwamba miaka miwili itakuwa mirefu mno. Akasogea upande wa pili wa vyuma, akamnyooshea mzee mkono, na kuanza kumhesabia hatua kwa sauti.