Namba Yoyote

Jumatatu alfajiri, kwenye mtambo wa kuchenjulia dhahabu nje kidogo ya Geita, tenki lilikutwa wazi na kaboni yote yenye dhahabu imezolewa. Mlinzi, Pantaleo, alikuwa amefungiwa chooni. Bosi wake, Mzee Mageni, hakumwamini. Tenki likifunguliwa, mfumo humtumia bosi ujumbe kwenye simu; usiku ule haukumfikia, na swichi ya kuuzima mfumo iko kibandani kwa mlinzi.

Mfumo huo uliandikwa na vijana wawili, Noela na Gelasius. Mchana Noela alikuwa peke yake ofisini, kama kawaida siku hizi. Tangu Gelasius aseme laini yake imepotea, hata salamu za jioni zilikatika, na hilo lilimuuma Noela kuliko alivyokubali.

Mke wa Pantaleo akaingia.

“Shikamoo, Mama Jenifa.”

“Marahaba. Baba Jenifa yuko mahabusu, mwanangu. Mashine yenu ndiyo imemfunga.”

Noela alianza na Meshack, mpwa wa bosi, mwenye nywila ya mfumo.

“Uligusa jaribio la ujumbe?”

“Jaribio ndiyo nini, dada?”

Hakuwa anaigiza. Noela akafungua jaribio lenyewe. Humo, mtumaji wa bandia hujifanya anatuma ujumbe, na jaribio hukagua umekwenda wapi. Noela mwenyewe aliandika: namba ya Mzee Mageni, si nyingine. Sasa ilisomeka: namba yoyote. Kwa sharti hilo, ujumbe ungekwenda hata kwa shetani na jaribio lingepita. Meshack asingejua kulilegeza. Kikulacho ki nguoni mwako.

Akaitoa “yoyote”, akaweka kinasa cha kushika namba inayopitishwa. Namba ikatokea kwenye skrini. Noela aliitambua kabla hajamaliza kuisoma, akalia kidogo, kisha akamwita Gelasius.

“Gelasi, laini yako haikupotea.”

Gelasius aliitazama skrini, akakaa.

“Kwa nini hukuufuta tu ujumbe?”

“Jaribio linadai ujumbe utumwe, la sivyo halipiti. Ilibidi uende mahali.” Akashusha pumzi. “Nilitaka mtambo wangu, Noela. Nimechoka kulinda dhahabu ya watu. Na namba ile nilijua hakuna anayeikumbuka.”

“Mimi niliikumbuka.”

Polisi walimchukua Gelasius jioni ile ile, na Pantaleo akarudi kwake. Mama Jenifa alileta michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa na kuchemshwa, kwenye bakuli, ya kuwatosha watu wawili. Noela alirudisha namba ya Mzee Mageni kwenye mfumo na kwenye jaribio, likapita. Kisha akaifuta ile ya Gelasius kwenye simu yake, ingawa aliijua kwa moyo, akala michembe akitazamana na kiti kitupu.