Gia za Mpingo

Betri ilikuwa juu ya kigoda, imechomolewa, na bado gurudumu la nyuma la baiskeli lilikuwa linazunguka. Lilizunguka polepole, kinyumenyume, kama mtu anayetafuta kitu alichokidondosha njiani. Yunis alilitazama huku kitambaa chenye grisi kikiwa mkononi. Akanyoosha mkono, akalizuia. Likasimama. Akajiambia ni ulaini wa gia mpya, akamshukuru Mungu, akaenda kuinjika maji ya chai.

Sababu ya kushukuru alikuwa nayo. Binti yake, Happyness, aliumwa na nyoka aina ya bafe kwenye mguu alipokuwa akiokota kuni katika shamba la zamani la mkonge, hapo Kimamba. Sumu ilimwachia uhai, lakini nyama ya mguu iliharibika. Kila asubuhi kidonda kilitakiwa kusafishwa hospitalini Kilosa, na daktari hakumficha Yunis: kikiachwa kikaoza tena, mguu utakatwa. Njia ni ndefu kwa mwanamke mwenye kifua kibovu. Kilichomfikisha huko ni baiskeli ya umeme aliyoiunda mume wake, Filipo, fundi baiskeli, ambaye walimzika masika yaliyopita.

Kisha mota iliyomo ndani ya gurudumu la nyuma ikaanza kulia bila kusukuma. Yunis alikuwa amekaa karibu na jiliwa la Filipo, kile kibanio cha vyuma, miaka mingi, akimshikia taa na kumpa spana, kwa hiyo hakuogopa kuifungua. Ndani alikuta gia tatu za plastiki zimekwisha meno, laini kama fizi za kichanga. Aliulizia Kilosa. Aliagiza kwa utingo wa lori hadi kwa mafundi wa Mikumi. Hazikupatikana. Na kidonda hakingoji mzigo kutoka Dar es Salaam.

Ndipo alipokumbuka kauli ya Filipo kwamba mpingo mkavu hufanya kazi ya shaba. Na mpingo aliujua ulipo. Katikati ya mkonge, pale wafugaji walipokuwa na boma kabla ya kuhama, palikuwa na kigingi kimoja cheusi, kimepigiliwa hadi kichwa kikalingana na ardhi. Alidhani ni cha kufungia ng'ombe, kimesahauliwa. Angeweza kuuliza. Mwenye boma, mjane wa Kisukuma aitwaye Limi, alikuwa akiuza maziwa sokoni. Lakini ng'ombe wa Limi waliwahi kuingia kwenye mahindi ya Yunis wakati Filipo yuko kitandani, na tangu hapo wanawake hao wawili walikuwa wakipishana bila salamu. Yunis alikwenda na sururu, akaking'oa. Shimo lilitoa harufu ya kaburi lililochimbwa siku hiyohiyo. Alilifukia kwa mguu, akarudi nyumbani, akakata, akatoboa kwa keekee, akapiga tupa jino moja baada ya jingine, na kwa kila jino aliomba.

Asubuhi yake baiskeli ilikwenda vizuri kuliko siku zote. Walipofika karibu na reli, mtoto akamgusa mgongoni.

"Mama, mwambie asogee."

"Nani asogee?"

"Huyu nyuma yangu. Miguu yake ina baridi."

Yunis aligeuka. Nyuma ya Happyness palikuwa na kipande kitupu cha keria, na barabara. Akamwambia ni upepo. Mtoto hakurudi nyuma kukaa vizuri; alijibana kwenye mgongo wa mama yake, kama abiria anayempisha mwenzake.

Siku zilizofuata tairi la nyuma lilikuwa likibonyea kama limebeba gunia. Yunis alijaza upepo, likabonyea tena. Na hospitalini mambo yalikuwa mazuri mno. Kidonda kilikuwa kikifunga. Nesi Vaileth, ambaye zamani ilimbidi aombe msaada wa kumshika Happyness akisafishwa, sasa alifanya kazi peke yake.

"Huyu amekuwa askari," alisema akicheka. "Halii siku hizi. Mmempa nini?"

"Ni maombi tu, dada."

Nesi akakibana kidole gumba cha mguu ule. "Happy, unasikia hapa?"

"Hapana."

"Na hapa? Nakubana kweli sasa."

Happyness alimtazama kwa upole. "Huo si wangu, dada. Wangu unauma."

Kicheko cha nesi kikaishia njiani. Akaushika mguu kwa viganja viwili, akauachia upesi, akajifuta mikono kwenye gauni. Akasema kwa sauti ya chini kwamba atamwita daktari auone. Daktari aliuona, akasema mishipa ya fahamu huchelewa kupona, akaondoka.

Mchana wa siku hiyo, jua likiwa kali na kuku wamejificha chini ya banda, Happyness alilala kwenye mkeka na Yunis akaketi karibu yake kuchambua mchele. Akaona vidole vya mguu ule vinacheza. Mwanzo alidhani mtoto anaota, lakini uso wake ulikuwa umetulia na mguu wa pili umetulia, ni mguu ule mmoja tu uliokuwa ukizunguka kwenye kifundo, polepole, kinyumenyume, ukipumzika kidogo na kuanza tena; na alipotega sikio akasikia nje, chini ya banda, mlio mwembamba wa mti unaosaga chuma, nao ulikuwa ukipumzika pale mguu ulipopumzika na kuanza pale mguu ulipoanza. Akatoka mbio. Betri ilikuwa ndani, chini ya kitanda, ameiweka mwenyewe, na gurudumu lilikuwa likizunguka. Alikumbuka alivyofundishwa na Filipo, kwamba nyaya tatu nene za mota zikigusanishwa gurudumu huwa gumu kulirudisha nyuma hata kwa mikono miwili, akazichuna kwa meno, akazisokota pamoja, na gurudumu likaendelea kurudi nyuma kwa wepesi uleule. Akalifunga kwa kamba ya katani kwenye nguzo ya banda, kamba ikakaza, nguzo ikalia, harufu ya lile shimo ikapanda na kujaa uani, na kutoka ndani ya nyumba mwanawe akaanza kupiga kelele kwamba anavutwa.

Alikata kamba. Kelele zikakoma.

Alimtuma jirani amwite Mwinjilisti Ditram. Akaja na kanzu yake begani, akaomba muda mrefu mkono wake ukiwa juu ya tandiko la baiskeli, na alipokuwa akiomba gurudumu lilitulia. Alipoaga na kufika kwenye njia kuu likaanza tena. Akarudi, akakaa chini kama mtu aliyechoka.

"Mama Happy," alinong'ona, "kitu hiki kina mahali kilipotoka. Nieleze. Usinifiche."

Akamweleza. Ditram aliinamisha kichwa. "Nitaendelea kuomba. Lakini wewe nenda kwa mama wa maziwa. Sasa hivi, na usiende kwa kiburi."

Limi alikuwa akisuuza madumu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo umeniona? Nilidhani nimegeuka mti."

"Nimekosa, mama. Ni kile kigingi cha mpingo pale kwenye boma lenu la zamani."

Dumu lilimtoka Limi mkononi. "Umekifanya nini?"

Yunis alipomaliza kusimulia, Limi hakumfokea, na hilo lilimtisha zaidi. Alisema marehemu mume wake, Shimba, ndiye aliyekipigilia. Pale palikuwa na jini lililokuwa likivunja miguu ya ng'ombe. Kila siku ndama mmoja au jike mmoja, mguu umepindwa nyuma. Shimba alilikamata, akalipigilia chini kwa kigingi kupitia miguu yake miwili.

"Tukahama kwa ajili yake. Halina miguu ya kuondokea, mwanangu. Wewe umelipatia gurudumu. Sasa linajitafutia mguu."

"Wa mwanangu."

"Ulio karibu." Limi akafunga kitenge upya. "Shimba angejua zaidi. Mimi najua nililoliona akilifanya. Rudisha mti wote. Wote, hata unga."

Yunis alifungua mota. Alitoa gia tatu, akakusanya vipande vilivyobaki, akafagia unga wa tupa chini ya jiliwa, akafuta grisi ndani ya mota mpaka chuma kikang'aa, kitambaa nacho akakichukua. Wakaenda kwenye mkonge, Ditram akiwa nyuma yao anaomba. Limi alipokea gia, akapitisha kidole kwenye meno.

"Mbona haya ni mafupi?"

"Yamelika, mama. Mti unasagana na chuma."

"Yamelika yakaenda wapi?"

Sili ya ekseli, ule mpira unaozuia grisi isivuje, ilikuwa imekufa tangu enzi za Filipo. Siku zote grisi ilikuwa ikidondoka njiani, na unga wa meno ndani yake. Aligeuza uso kuelekea barabara ya Kilosa, na Limi akayafuata macho yake.

Walilifukua shimo, wakaweka vyote ndani. Limi aliita jina la mume wake kwa Kisukuma, akapigilia kwa jiwe mpaka vidonda vikamtoka viganjani, na chini ya ardhi kitu kikaguna mara moja, kama ng'ombe anayelala.

"Nimefunga kilichopo," alisema, akajifuta jasho. "Kilichopo tu."

Asubuhi Yunis alimfunga Happyness mgongoni kwa khanga mbili, akaiacha baiskeli isiyo na gia, akatoka kwa miguu. Alipumzika kila kifua kilipoziba. Wengine walimfikia, wakampa pole, wakapita. Alifika Kilosa jua limeshakuwa kali, foleni imekwisha, na Nesi Vaileth akamfungulia chumba hata hivyo. Bandeji ilipotoka, harufu ilikuwa mbaya. Kidonda kilikuwa wazi kama siku ya kwanza. Nesi akagusa ukingo wake kwa pamba, na Happyness akalia kwa sauti iliyosikika hadi nje, damu nyekundu ikachuruzika.

"Samahani, Mama Happy. Sijui nini kimetokea, kimerudi nyuma kabisa. Itabidi uje kila siku bila kukosa, ama sivyo..."

"Nitakuja," alisema Yunis. Alikuwa amepiga magoti, ameukumbatia ule mguu, nao ulikuwa wa moto. "Lia, mwanangu. Lia, huo ni wako."

Walirudi mchana. Barabara ilikuwa tupu. Kwenye vumbi Yunis aliyaona madoa madogo meusi ya grisi, yamefuatana katikati ya njia kuelekea Kimamba, akajitahidi kutoyatazama. Mgongoni mtoto alikuwa amesinzia. Kisha mwili wake ukakaza.

"Mama, pita pembeni."

"Kuna gari?"

"Hapana. Yupo pale katikati. Anatambaa."

Yunis alisimama. Hakuona mtu. Aliona doa moja la grisi, hatua chache mbele yake, likipauka na kutoweka kama limelambwa, na vumbi likabaki safi. Kisha lililofuata. Kisha jingine, karibu zaidi.

"Anafanya nini?" alinong'ona.

"Anaokota."

Alishuka kwenye nyasi za kando, akapita kwa mbali, akiomba bila sauti, mkono wake ukiwa umeufunika mguu wa mwanawe. Hakugeuka nyuma. Kesho asubuhi kidonda kingetaka kusafishwa Kilosa, na njia aliyokuwa nayo ni ile moja.