Koti Jekundu la Wangeci

Jioni moja ya Septemba, mwaka wa 1981, nilitoka kununua mafuta ya taa. Niliporudi nyumbani, kwenye chumba chetu pale Maringo, nikakuta koti la mtoto wangu limetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango.

Nilisimama na chupa mkononi.

Wangeci tulikuwa tumemzika wiki tatu kabla.

Wacha nianze pale nilipokosea. Mwezi wa nane jua liliwaka siku tatu mfululizo, nikadhani baridi imekwisha. Nilifua makoti yetu matatu, nikayaanika mpaka yakakauka hata kwenye mishono. Nikayakunja: la mume wangu Muturi chini, langu katikati, la Wangeci juu. Nikatia vidonge vya kufukuza nondo, nikalifunga sanduku la bati kwa kufuli na kulisukuma chini ya kitanda. Ukiishi watu watatu chumba kimoja, kila kitu lazima kiwe na mahali pake. Nilijisifu moyoni.

Kesho yake asubuhi mawingu yakarudi.

"Mama, nipe koti."

"Koti nishaliweka. Vaa sweta."

"Lakini nasikia baridi."

"Baridi imeisha, Wangeci. Utachelewa shule."

Alikuwa na miaka saba. Hakubishana. Alivuta mikono ya sweta ikafunika vidole, akaenda zake. Mchana alirudi amelowa chepechepe kwa mvua, meno yakigongana. Homa ikapanda. Hospitalini wakasema ni mapafu. Siku ya sita tukarudi nyumbani wawili.

Sasa koti lile lilikuwa mbele yangu. Niliugusa upindo wake. Ulikuwa umelowa. Likanuka vidonge vya nondo, na chini ya harufu hiyo... udongo mbichi.

Nikavuta sanduku. Kufuli lilikuwa limefungwa, na ufunguo nilikuwa nao shingoni.

Muturi alipotoka kazini, alilitazama koti kwa muda mrefu.

"Umelitoa wewe, Mama Wangeci?"

"Sijalifungua sanduku, Baba Wangeci. Haki ya Mungu."

Alinyoosha mkono, nikampa ufunguo. Alilikunja mwenyewe, polepole, akalirudisha sandukuni na kuutia ufunguo mfukoni mwake.

Jioni iliyofuata tulikuwa tumeketi kitandani tukinywa chai. Chini yetu kitu kikasikika.

Kru... kru... kru...

Kama kucha kwenye bati.

Muturi alinishika goti. Sauti ikanyamaza. Hatukutaka kugeuka, lakini tuligeuka.

Koti lilikuwa msumarini. Lilikuwa likibembea kidogo.

Asubuhi nilimwita jirani yetu Kavata, mama mzee wa Machakos ambaye alikuwa akikaa na Wangeci nikienda sokoni. Hakuingia ndani. Alilichungulia koti kutoka kizingitini, akaniuliza kwa kunong'ona:

"Mama Wangeci, kuna kitu mtoto alikuomba ukamnyima?"

Jambo hilo sikuwa nimemwambia mtu yeyote. Hata padri. Hata Muturi. Nikakaa chini pale pale sakafuni, nikasema yote: koti, sweta, kufuli, uvivu wangu wa kulivuta sanduku asubuhi moja tu. Nilipoinua macho, Muturi alikuwa amesimama nyuma ya Kavata na debe la maji. Alisikia kila neno.

Hakunigombeza. Laiti angenigombeza! Aliliweka debe chini, akaenda kukaa kwenye ngazi, akafunika uso kwa viganja.

"Mpelekeeni," Kavata alisema. "Mtoto hafai kuja kuomba mara mbili."

Jumamosi alasiri tulikwenda makaburini Lang'ata. Muturi alichimba kwa panga juu ya kaburi, kina cha mkono mmoja. Nililifunga koti vifungo vyote kama nilivyokuwa nikimvalisha, nikalilaza.

"Wangeci," nikasema, "mama amekuletea. Mama amechelewa."

Tukafukia. Njia nzima ya kurudi, Muturi alitembea mbele yangu.

Msumari ulibaki mtupu wiki nzima. Nilidhani nitapumua. Badala yake kila jioni nilikaa nikiutazama, nikitega sikio chini ya kitanda. Kimya. Kimya kile kiliniuma kuliko zile kucha.

Kisha ikaja jioni ya Jumatatu. Nilikuwa natoka sokoni na kikapu cha sukuma wiki, jua linazama, moshi wa majiko umetanda juu ya paa. Kando ya barabara alisimama msichana nisiyemjua, wa miaka minane hivi, miguu mitupu. Alikuwa amevaa koti jekundu. Mabegani lilikuwa na udongo. Kifungo cha tatu kilikuwa cheusi, kile nilichokishona mwenyewe.

"Mwanangu, koti hilo umelitoa wapi?"

Akarudi nyuma. "Sijaiba."

"Sijasema umeiba."

"Nilipewa na msichana mwingine. Alisema nichukue tu, yeye hasikii baridi tena."

Kikapu kikaanguka.

Nilipomsimulia Muturi, alisema kuna watu hufukua makaburi wakauza nguo, na kwamba mtoto yule alidanganya kwa hofu. Mpaka leo husema hivyo. Huenda ni kweli. Lakini sikumwambia yote.

Sikumwambia kwamba nilimwuliza yule mtoto, kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri, "Na huyo msichana ako wapi sasa?"

Alinitazama usoni. Kisha akautazama mkono wangu wa kushoto, uliokuwa ukining'inia bure.

"Si huyo umemshika?"

Sikuangalia chini. Nilikunja vidole taratibu, kama mtu anayeogopa kuumiza, nikaanza kutembea kuelekea nyumbani. Hatua fupi fupi, asije akaachwa nyuma.