Alama ya Maji Mlangoni

Kila siku isipokuwa Jumapili, kabla ya saa moja asubuhi, chumba cha mbele kilikuwa kimeshafagiliwa. Mama alitandika mikeka sita sakafuni, na binti yake akapanga vikombe kumi na viwili kwenye rafu ya chini, mahali ambapo watoto wadogo wangevifikia bila kupanda kiti. Kisha wazazi walianza kuingia mmoja mmoja, mwenye duka, dereva, muuguzi wa zahanati, kila mmoja na mtoto mkononi na haraka usoni. Wote waliwaacha watoto wao hapo mpaka jioni. Mmoja wa watoto hao alipenda kung'ata wenzake, wakamwita Meno. Pacha wawili walikataa kulala mpaka washikane mikono.

Binti mwenyewe alikuwa darasa la sita. Shuleni walimwita Rula, kwa sababu mistari aliyochora kwa mkono mtupu haikupinda. Jina likamganda, hata mama yake akalizoea.

Ziwa lilikuwa mitaa miwili kutoka hapo. Miaka mitatu nyuma lilivimba likaingia mjini bila kubisha hodi. Rula alikumbuka vizuri. Alisimama juu ya meza akilia, na maji yakapanda mpaka yakafika kwenye kitasa cha mlango. Bahati nzuri ilikuwa Jumapili, hakukuwa na mtoto wa mtu ndani. Maji yalipoondoka, mama alisugua kuta akapaka rangi upya, na kazi ikaendelea. Watu wakishapaka rangi husahau upesi.

Safari hii halmashauri ya mji haikutaka kusahau. Jumatatu moja afisa wa mipango, mwanamke mrefu mwenye mabuti ya mvua, aliingia darasani kwao.

"Zamani mvua zilikuwa na adabu," alisema. "Zilikuja kwa zamu yake, zikaondoka kwa zamu yake. Sasa hali ya hewa imebadilika. Ziwa litavimba tena, msiniulize lini. Kwa hiyo tunajipanga mapema. Mitaro itapanuliwa, matete tuliyoyafyeka ufukoni yatapandwa upya, na tutachora ramani ya kila mtaa. Nyumba iliyo chini ya alama ya maji haitaruhusiwa kulaza wagonjwa wala watoto wadogo."

"Na sisi je, tutafanya nini?" mwanafunzi mmoja aliuliza.

"Ninyi ndio mtakaopaka alama. Kila mmoja mtaani kwake. Waulizeni waliokuwepo, kisha pakeni pale pale maji yalipofika. Si juu, si chini."

Rula alipewa kopo la rangi nyekundu na brashi. Alifika nyumbani akiwa na furaha, lakini kabla hajaingia akasikia mama yake akizungumza na muuguzi aliyekuja kumchukua mwanawe.

"Wakipiga hiyo alama yao kwenye kitasa, mimi nimekwisha," mama alisema. "Watoto kumi na wawili nitawapeleka wapi? Nikawalaze barabarani?"

Muuguzi alicheka, akidhani ni utani. Mama hakucheka. Rula alibaki nje na kopo lake, na furaha yote ikamtoka. Tangu baba yake afariki, kazi hiyo ya kulea watoto ndiyo iliyowaweka mjini.

Siku ya pili alianza na nyumba ya jirani, karakana ya seremala mmoja mzee. Mtaa mzima ulimwita Mzee Chumvi, maana hakuna habari iliyopita mdomoni mwake bila kutiwa chumvi.

"Shikamoo, babu. Maji yalifika wapi hapa kwako?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Yalifika hapa." Mzee aliweka kiganja ukutani. "Na samaki mkubwa kama mbuzi aliingia kwenye droo ya meza yangu, akagoma kutoka."

"Samaki siandiki, babu."

"Basi andika maji. Lakini samaki alikuwepo."

Rula alicheka, akapaka alama mahali kiganja kilipokuwa. Alijua kwamba kuhusu maji, mzee alikuwa amesema kweli.

Kisha akaenda kwao. Mama alikuwa nyuma ya nyumba akianua nguo. Rula alitazama kitasa, akatazama kizingiti, akatazama tena kitasa. Mwishowe akachuchumaa, akapaka alama usawa wa kizingiti, chini kabisa. Ilinyooka vizuri sana.

Jumamosi afisa alirudi kukagua. Alifuatana na fundi mwashi aliyebeba begani mpira mwembamba unaoonyesha maji yaliyomo ndani. Watu walitoka kuangalia, kwa kuwa Jumamosi mtaani hakuna sinema nyingine.

"Mafundi hupimia usawa kwa mpira huu," afisa aliwaeleza. "Maji yaliyomo husimama kimo kimoja pande zote mbili. Ziwa nalo ni hivyo hivyo. Haliwezi kuwa juu kwa jirani na chini kwako."

Fundi alishika ncha moja kwenye alama ya seremala. Msaidizi wake akavuta ncha ya pili hadi mlangoni kwa kina Rula. Maji ndani ya mpira yalicheza kidogo, yakatulia. Yalitulia kwenye kitasa. Alama nyekundu ilikuwa huko chini, karibu na vidole vya miguu.

"Ala!" fundi alisema. "Hapa kuna mtu kakosea, na si kidogo."

"Ni huyo mzee tu!" mtu mmoja akapaza sauti. "Leo kamwaga gunia zima la chumvi!" Kicheko kikaupasua mtaa.

Afisa alitazama huku na huku. Nyumba nyingine za hapo zilikuwa na wapangaji wapya, ambao mwaka ule wa mafuriko hawakuwepo. Wenye alama hizo walikuwa wawili tu, seremala anayetia chumvi na mwanafunzi anayeitwa Rula.

"Mama, wewe unasemaje?" afisa aliuliza.

Mama alikuwa mlangoni, amembeba Meno kiunoni. Alitazama alama. "Mtoto ndiye aliyepima," alisema, akageuka kumfuta Meno kamasi.

Afisa alichovya kitambaa kwenye mafuta ya taa ili kufuta alama ya seremala. Mzee hakubishana. Alivua kofia yake akaishika mkononi.

"Nimezidisha mengi katika maisha yangu," alisema taratibu. "Lakini maji yale yalichukua mbao zangu zote, na mashine niliyoachiwa na baba yangu. Hayo, wanangu, siwezi kuyazidisha."

Watu waliendelea kucheka. Rula aliitazama ile kofia mkononi mwa mzee. Aliona aibu, na aliona huruma, na aliogopa, vyote kwa pamoja. Kitambaa kilikuwa kimeshagusa ukuta.

"Usifute!" alipiga kelele. "Babu hajadanganya. Mimi ndiye niliyedanganya. Kwetu maji yalifika kwenye kitasa. Niliogopa mama angefungiwa kazi yake."

Kicheko kilikatika. Mama akaketi kizingitini, Meno mapajani.

"Asilaumiwe peke yake," alisema. "Alama hii nimeiona tangu Jumanne. Nikanyamaza."

Afisa hakuwagombeza. Alikunjua ramani yake juu ya benchi la seremala, akamwita Rula asogee.

"Unaona ukumbi huu wa zamani, huku kilimani? Una vyumba viwili vitupu. Tumeviweka kwa ajili ya watu wanaolea watoto chini ya alama ya maji, hao tu. Kwa alama uliyopaka wewe, nyumba yenu ingeandikwa salama, wala nisingekuja kuwatafuta. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Kwa nini hukutwambia mapema habari za vyumba?" mama aliuliza.

"Kwa sababu kila nyumba ingedai ilizama," afisa alijibu, na baadhi ya watu wakainamisha macho.

Rula alimwendea seremala. "Nisamehe, babu."

"Nimekusamehe. Na mimi nimejifunza. Mtu akizoea kuzidisha, siku anaposema kweli hana shahidi." Mzee alivaa kofia yake. "Wewe umenitolea ushahidi. Umechelewa tu."

Kuhama hakukuwa lelemama. Kilima kilikuwa kirefu, na mama alipandisha mikeka kwa miguu mchana wa jua kali. Wazazi wawili walilalamika wakahamishia watoto wao kwingine. Wiki ya kwanza pacha walilia kila siku, na Meno akamng'ata mgeni wa halmashauri. Rula alibeba vikombe bila kunung'unika, na usiku yeye na mama walirudi kulala nyumba yao ya chini. Kabla ya kuanza kuhama alikuwa amefuta alama yake ya kwanza, akapaka nyingine kwenye kitasa.

Miezi mitano baadaye, mvua ilinyesha siku nne mfululizo, wakati ambao hakuna aliyeitarajia. Mitaro iliyopanuliwa ilihimili siku tatu. Siku ya nne, saa sita mchana, ziwa liliingia mitaani. Shule ilifungwa mapema, na Rula akakimbilia kilimani. Muuguzi, aliyekuja mapema kumchukua mwanawe, ndiye aliyekuwa akikaa na watoto.

"Mama yako ameshuka kuchukua magodoro yenu," alisema. "Kamwambie arudi upesi."

Rula alimkuta mama amesimama ndani ya chumba cha mbele, maji yakimfika magotini. Kwa mtoto wa miaka miwili, hapo ni kifuani. Magodoro alikuwa ameshayapandisha juu ya kabati, lakini hakuwa ameondoka. Alikuwa akiitazama sakafu, ambayo haikuonekana.

"Mama, twende. Yanapanda."

"Saa hizi watoto huwa wamelala," mama alisema. "Wote. Na mimi huwa jikoni, naosha vikombe."

Rula alitazama mahali mikeka ilipokuwa ikitandikwa. Alianza kulia.

Mama alimshika mkono. "Uongo wako ulitokana na kunipenda, mwanangu, najua. Na kunyamaza kwangu kulitokana na kukuonea huruma. Lakini maji hayaulizi mtu alidanganya kwa nini. Kweli inayoumiza mwambie mtu mapema, angali ana muda wa kuhama."

Wakatoka pamoja. Mama alivuta mlango kwa nguvu dhidi ya maji, wakaanza kupanda kilima, kwa kuwa watoto walikuwa karibu kuamka.